Samaki wa Malalo

Kitu cha kwanza kilichomuchukiza Mama Ngalula kwa wale wazungu kilikuwa mate. Mutu muzima, ana ndevu, ana gari, anasimama kando ya ziwa mbele ya watoto wa wenyewe, anashika kile kioo chake cha kuvaa usoni, anakitemea mate ndani, anayasugua kwa kidole, kisha anakivaa. Anakivaa! Mwenzake vilevile. Na bibi yake mwenye nywele fupi, vilevile. Kila mumoja na kioo chake, kila mumoja na mate yake, na wote wanacheka.

"Agnès! Ona bazungu banatema mate mu kioo, kisha banatumbukiza macho mule mule!"

Agnès alikuwa jirani yake. Vichanja vyao vya kukaushia samaki viligusana pale Kashikishi, na wenyewe walikuwa wamegombana na kupatana mpaka watu walichoka kuwaamua. Siku ile walikuwa wametembea mpaka Nchelenge kuwaona hao wageni, sababu pwani nzima ilikuwa haina habari nyingine.

"Pengine njo dawa yabo," Agnès alisema.

"Dawa gani? Buchafu tu."

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, kiangazi, ziwa limetulia. Wazungu walitoka Kitwe, kwenye migodi ya shaba, watu wa likizo. Walikuja na Landrova, na mitungi ya chuma ya kutia hewa, na mashine ya kuishindilia hiyo hewa, yenye kelele kuliko kinu cha kusaga unga. Kazi yao ilikuwa kuzama. Si kuvua kwa nyavu, si kutafuta mutu aliyepotea. Kuzama kwa kufurahi, kuona chini kuna nini, kisha kupanda juu na kunywa bia. Watu wa ziwa hilo la Mweru, ambao kila asubuhi wanamuomba Mungu wasizame, walisikia hayo wakafanya alama ya musalaba.

Na mate hayakuishia kwenye kioo. Kabla ya kuingia majini walifanya mazoezi pale mchangani: mumoja ananyonya hewa kwenye kipande cha mpira, anakichomoa kinywani kikiwa kinametameta, anamupa mwenzake, mwenzake anakitia kinywani, ananyonya, anakirudisha. Yaani vinywa viwili mpira mumoja, kwenda na kurudi. Ngalula aligeuza uso. Lackson, dereva wao, mutu wa maneno mengi aliyevaa suruali pana chini, aliwaeleza wanawake kwamba hata haja ndogo hao watu wanaimaliza ndani ya zile nguo za mpira, na tena wanapenda, sababu inawapasha joto. Agnès alicheka mpaka akakaa chini. Ngalula hakucheka hata kidogo.

Lakini wazungu walikuwa wanatafuta mupishi, na Ngalula alijua kupika kizungu. Alijifunza kwa masista, huko Pweto, akiwa musichana: mikate, omeleti, supu ya vitunguu. Bwana Derrick, yule mwenye ndevu, mukubwa wao, alipomuita hakukataa. Uchafu wao ni wao, alijiambia. Yeye atapika na kunawa mikono.

Alikuwa Muluba wa Kasai huyu mama. Baba yake alifuata kazi ya reli mpaka Katanga, na binti akaolewa Pweto na Fabien, muchuuzi wa chumvi na nguo. Wakati wa vita vya Katanga walivuka ziwa na godoro lao mpaka Kashikishi, wakisema watarudi mambo yakitulia. Mambo yalitulia, hawakurudi. Mungu hakuwapa mutoto. Basi Fabien akawa bwana, akawa ndugu, akawa mutoto, kila kitu. Alikuwa mutu mupole, mubishi kwa mambo madogo, na kanisani aliimba vibaya kwa sauti kubwa bila kujali. Kila akirudi toka safari alileta sukari, akaikoroga mwenyewe katika kahawa mpaka kijiko kinasimama, na Ngalula anapiga kelele kwamba atawafilisi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka sabini na moja, mvua na upepo viliikuta mashua ya chuma aliyopanda Fabien, upande wa nyuma wa kisiwa cha Kilwa cha humo ziwani, kule maji yanapokuwa meusi. Waliokuwa juu waliogelea, wengine waliokotwa. Waliojikinga mvua chini ya turubai, katikati ya magunia ya chumvi, walikwenda chini pamoja na mashua. Fabien alikuwa hapo. Hakuonekana, wala kofia yake haikuonekana.

Kulia mutu bila maiti ni kazi mbaya sana. Unalia ukitazama nini? Ngalula alikaa chini kwa wiki nyingi akingoja mutu aje na habari, mpaka Mwenze, muendesha mashua wa zamani kutoka upande wa Zaïre, alipomuchukua padri na wafiwa wote, akawapeleka mahali penyewe. Padri alinyunyiza maji ya baraka juu ya maji. Wanawake walitupa maua na unga. Mwenze akasimama ndani ya mashua yake, akasema kwa wavuvi wote waliofuata: "Tangu leo, hapa ni malalo." Malalo, kwa watu wa Katanga, ni makaburini. Na wavuvi walisikia, wa Kilwa, wa Chisenga, hata Wabemba wa Kashikishi. Hakuna aliyetupa wavu pale tena, walizunguka mbali. Kila mwaka, Siku ya Wafu, Mwenze alimupeleka Ngalula kule, naye anamwaga kikombe cha kahawa yenye sukari nyingi, anasema, "Fabien, nimekuya kukusalimia," anarudi nyumbani amepoa. Hakuwa na kitu kingine duniani. Kichanja chake kingeungua angejenga kingine. Lakini kile kipande cha maji, kisicho na mupaka wala alama, ambacho watu walikiheshimu kwa neno tu, kingeharibika angelilia wapi?

Na neno ndilo lililokiharibu.

Asubuhi ya kwanza Bwana Derrick alikwenda bandarini Kashikishi na Lackson, kuuliza wapi kuna mashua iliyozama. Walimuuliza Mwenze, sababu kila mutu anajua kwamba ziwa hilo liko kichwani mwake. Mwenze alishituka, akatikisa mikono yote miwili.

"Kule hapana, muzungu. Hatuendake kule. Kule ni malalo."

Sasa Lackson alikuwa Mubemba wa mujini, na Kiswahili chake alikiokota sokoni, akinunua samaki kwa Wakongo. Alijua bei gani, alijua punguza, alijua ongeza moja. Mengine alikisia, tena kwa uhodari, bila aibu yoyote. Kwa Kibemba kulala ni kulala, kama kwa Kiswahili. Akasikia malalo, akapima kidogo kichwani, akamwambia Bwana Derrick kwa Kiingereza: muzee anasema kule ndiko samaki wanakolala. Macho ya muzungu yaliwaka. Samaki wakilala pamoja ni samaki wakubwa, na yeye alikuwa amekuja na mishale ya kuchomea samaki chini ya maji! Alimupiga Mwenze begani kwa furaha. Mwenze, masikini, alidhani muzungu amesikia habari ya wafu na anamupa pole. Akamuitikia aksanti, akaenda zake.

Ujinga wa Lackson unaweza kusameheka. Lakini pale pembeni alisimama Kalaba, mwenye mashua ya mota, muzaliwa wa kisiwa cha Kilwa kabisa. Kibemba ni chake, Kiswahili anakimwaga kama maji, na siku ya padri alikuwepo, ametupa unga kama wengine. Alisikia Mwenze alivyosema. Alisikia Lackson alivyogeuza. Angefungua kinywa mara moja tu. Badala yake alimeza mate, akajipendekeza mbele.

"Mi najua pale," alisema. "Nitabapeleka."

Ngalula hakujua hata moja la hayo. Alikuwa kambini Nchelenge anakanda unga wa mikate. Mangaribi wazungu walirudi wakipiga kelele toka majini, na Kalaba akashusha samaki ambao Ngalula hakuwaona siku nyingi: wale wanaoitwa pale, wapana kama sinia, na kambale mumoja mwenye sharubu ndefu, mweusi, munene, ameviringika kama muto wa kulalia, na shimo la mushale ubavuni. Alipomupasua tumbo, mafuta yalimutoka mpaka viganja vikateleza.

"Ee, huyu alikuwa anakula muzuri," Ngalula alisema.

"Ba mayo, huko wanakolala ni wengi sana, mukwai," Lackson alijibu kwa heshima za Kibemba, anajisifu.

Ngalula hakumufuata maneno, Lackson alikuwa anaongea siku nzima. Alipika. Wazungu walikula minofu, na kichwa cha kambale kilibaki kwa mupishi, kama desturi. Ngalula alikichemusha na pilipili na nyanya. Alikinyonya mufupa kwa mufupa, akalamba vidole. Kipande kikubwa alikifunga, akamupelekea Agnès, na Agnès alikula akifumba macho.

"Kama mafuta ya ngombe!" Agnès alisema. "Bakivua tena, unikumbuke."

Siku ya pili wazungu waliwahi kurudi, jua lingali juu. Safari hii hawakuleta samaki tu. Walileta vitu. Bwana Derrick alivipanga mezani kama mutu wa duka: taa ya chemli yenye kutu, birika lililobonyea, sahani ya bati, kufuli. Bibi yake alikuwa anapiga picha. Na Bwana Derrick alikuwa anashika buti ya mpira, buti moja, ya kushoto, anaichezesha hewani, anacheka na wenzake. Lackson alikuja nayo jikoni, naye anacheka.

"Bwana anasema amevua buti. Uioshe muzuri, ba mayo. Anataka kuipandia maua kwake ku baraza."

Bwana Derrick alimufuata, akaichukua mwenyewe toka kwa Lackson ili kumusaidia mupishi kazi. Wazungu wana wema wa namna hiyo, unaokuja mahali haukuitwa. Aliigeuza kichwa chini, akaigonga kwa nguvu kwenye jiwe, palepale Ngalula alipokuwa anaparua magamba. Tope lilitoka, jeusi, lenye harufu ya chungu kilichochacha. Na katika tope vikatoka vifupa vidogo, vyeupe, vya duara, vingi, vikamwagika kati ya magamba na matumbo ya samaki.

"Samaki," Bwana Derrick alisema, anatabasamu. Neno hilo moja alikuwa amejifunza.

Ngalula aliitazama buti. Kwenye kisigino ilikuwa na kiraka chekundu, kilichokatwa katika mpira wa ndani wa kinga, yaani baiskeli, kikabandikwa upande. Fabien alikuwa hawezi kubandika kitu kikae sawa. Waligombana juu ya kiraka kile: Ngalula alisema kikatwe upya, Fabien alisema miguu haina macho.

Tumbo lake lilijua kabla ya akili. Akatapika palepale alipopiga magoti, alitapika mpaka ikabaki nyongo ya kijani, na kila alipopumua aliona kambale mwenye sharubu, munene, anakula muzuri. Alisema vile mwenyewe! Alilamba vidole! Alitumbukiza kidole kooni kana kwamba ya jana ingaliko, kana kwamba mutu anaweza kukitoa kitu kama hicho mwilini mwake.

Kelele yake iliwaleta watu toka njiani na toka bandarini, na kati yao Mwenze. Muzee aliona buti, aliona meza, aliona vifupa. Alimukamata Lackson kwa shati.

"Nilikuambia nini mi? Nilikuambia kule ni malalo!"

"Ndiyo, shikulu, muzee, mahali samaki wanalala..."

"Samaki! Malalo njo ku manda, weye! Ku manda!"

Manda ni Kibemba, na hapo Lackson hakuhitaji kukisia. Alipomueleza Bwana Derrick, muzungu alivua kofia, uso ukawa mwekundu kisha mweupe, akasema pole kwa Kiingereza tena na tena. Bibi yake alilia, na kulia kwake kulimuchukiza Ngalula kuliko kucheka kwao. Analia nini? Amefiwa na nani?

Kisha Bwana Derrick akaleta wema wake mwingine. Lackson aliutafsiri akiangalia chini: kwamba kesho watazama tena, watakusanya kila kitu kilichobaki, wote waliomo, watawaleta juu wazikwe kanisani kwa heshima. Bure, hawataki kitu.

Watu wengine waliitikia kwa kichwa. Ngalula alifuta kinywa kwa mukono. Aliwaona wale watu wameuma mpira uliolowa, wanamupapasa Fabien kwa glavu gizani, wanamutia ndani ya gunia la nyavu pamoja na birika na kufuli, kisha wanamutemea mate kwenye vioo vyao wapate kumuona vizuri.

"Hapana," alisema. "Bamuache. Kile balitosha mu maji barudishe, na bao bende kwabo. Basimuguse tena bwana yangu. Lackson, hiyo uitafsiri muzuri."

Lackson aliitafsiri, na safari hii hakuongeza neno.

Ngalula aliviokota vifupa mwenyewe. Hakutaka mukono mwingine. Alivichambua katika magamba ya samaki, kimoja kimoja, na mara nyingine hakujua hiki ni cha nani, cha Fabien au cha samaki, na hapo alilia kwa hasira, sababu hiyo pia ni aibu gani, muke kushindwa kumutenganisha bwana yake na kitoweo! Vyote vilivyomutia mashaka alivichukua. Alivirudisha ndani ya buti, akaifunga katika kikwembe, kitenge chake cha kanisani, na asubuhi Mwenze alimupeleka. Taa, birika, sahani na kufuli walivirudisha pia, sababu navyo vilikuwa na wenyewe. Ngalula hakumwaga kahawa siku ile. Alishusha buti majini, ikazama bila kelele. Alitaka kusema maneno yake ya kila mwaka, nimekuya kukusalimia, lakini kinywa alichokuwa nacho aliona hakifai. Walipofika pwani wazungu walikuwa wameondoka.

Kwa muda Kashikishi nzima ilichukia pamoja naye, na hilo lilimusaidia kidogo. Agnès alisukutua kinywa kwa chumvi na majivu, akatapika naye, akamutukana Kalaba sokoni mpaka Kalaba akawa anafungia mashua yake mbali na wenzake. Kanisani walisema sala. Wanawake walimuletea Ngalula unga, walikaa naye, walitema chini kila jina la Kalaba lilipotajwa.

Kisha samaki walipungua, kama wanavyopungua kila mwaka joto linapozidi. Nyavu zikarudi na dagaa chache na majani. Wachuuzi wa Zaïre walivuka na pesa zao, wakarudi nazo. Na asubuhi moja bandarini wakashushwa samaki aina ya pale, wapana kama sinia. Watu waliwakusanyikia, wakawatazama, wakatazamana. Hakuna aliyeuliza walitoka wapi. Mutu mumoja aliuliza bei, basi, ikawa imekwisha. Kesho yake mashua ya pili ilikuwa nao, na kesho kutwa wavuvi walikuwa wanagombania nafasi.

Mwenze alisimama bandarini akapiga kelele mpaka sauti ikamukauka. Walimuitikia kwa heshima, ndiyo muzee, ndiyo muzee, wakapita na vikapu vyao.

Kalaba ndiye aliyekuja mpaka kichanja cha Ngalula. Aliweka kikapu chini mbele yake kwa mikono miwili, kama mutu anayeleta zawadi.

"Mama Ngalula, mi naanzia kwako. Ona, banene."

"Unabavua wapi?"

Kalaba hakuficha. "Weye unajua. Mama, usikasirike. Bazungu balivua pale, hakuna mwenye alikufa. Na tena weye njo ulikula wa kwanza."

Ngalula alikula, ni kweli. Alikula akasifu. Chuki ilimupanda, chuki ya Kalaba, ya Lackson na Kiswahili chake cha kukisia, ya yule muzungu na wema wake, na kuliko yote chuki ya tumbo lake mwenyewe, lililoshiba siku ile likalala usingizi muzuri. Samaki kwenye kikapu walikuwa wabichi, macho maangavu. Walikuwa na harufu nzuri.

"Kalaba," alisema, "unakuya kuniuzisha bwana yangu?"

Kalaba alikwaruza mchanga kwa mguu. Kisha aliinama, akainua kikapu, akakisogeza mpaka kichanja cha jirani. Agnès alichungulia ndani, bila kumutazama Ngalula, akaanza kuchagua.